Dawa juu ya pikipiki: zikinge na maji kabla ya mvua

MVUA ya Gu inyeshapo kati ya Machi na Mei, na ile ya Deyr ifikapo kati ya Oktoba na Desemba, njia ya udongo itokayo mjini Garissa kupitia Sankuri na Saka hadi Balambala hugeuka tope. Magari hukwama. Chombo kinachobaki na matumaini ya kupita ni pikipiki, na juu yake hubebwa kila kitu: unga, sukari, mgonjwa na dawa.

Unga ukilowa, mwenyewe huona. Dawa ikilowa, mara nyingi haijulikani. Mama atampa mtoto tembe iliyopoteza nguvu akidhani anamtibu, na mtoto atazidiwa huku nyumba nzima ikiamini kwamba amekwisha kupata dawa. Ndiyo sababu mfuko au sanduku linalofungwa nyuma ya pikipiki ni jambo la afya, wala si la usafiri peke yake.

Wakati dawa zinahitajika zaidi

Wakazi wa kando ya Mto Tana wanajua kwamba maji na maradhi huja pamoja. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo katika Garissa. Homa hiyo ilirudi mwishoni mwa 2006 baada ya mvua nyingine kubwa. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliwahamisha watu wengi na kukata barabara kati ya Garissa na Madogo.

Mafuriko yakiingia vyooni na visimani, kuhara huongezeka. Madimbwi yakibaki, mbu huzaana na malaria huenea. Kwa hiyo wakati ambao ni vigumu zaidi kufikisha dawa ndio wakati ambao wagonjwa ni wengi zaidi. Mzigo mmoja ukiharibika njiani, huenda siku kadhaa zikapita kabla ya mwingine kupatikana.

Maji hufanya nini?

Tembe nyingi za watoto, kama zile za amoksilini zinazotumiwa kutibu nimonia, zimetengenezwa ili ziyeyuke upesi ndani ya maji. Unyevu ukiingia katika pakiti, huanza kuyeyuka kabla ya wakati. Unga wa ORS wa kutibu upungufu wa maji mwilini huganda kama jiwe. Kipimo cha haraka cha malaria hufungwa pamoja na kijipakiti cha kunyonya unyevu. Mfuko wake ukitoboka, majibu yake hayaaminiki tena.

Chanjo nazo zina matatizo yao. Karatasi ya jina ikibanduka kwa maji, chupa hiyo lazima itupwe, kwa kuwa hakuna ajuaye ni chanjo gani wala itaharibika lini. Tena chupa iliyokwisha kufunguliwa, kifuniko chake cha mpira kikizama katika maji, hata kama ni maji ya barafu iliyoyeyuka, haifai kuchomwa mtoto. Vijidudu huweza kupita mahali sindano ilipotoboa.

Kuchagua chombo

Usidanganywe na neno la muuzaji. Mikoba mingi inayosifiwa kwamba haipitishi maji huzuia rasharasha tu. Maji hupenya kwenye zipu na kwenye mishono, hata kama kitambaa chenyewe ni kizima. Vyombo vinavyofaa ni hivi:

Kwanza, mfuko wa plastiki nzito ambao viungo vyake vimeunganishwa kwa moto badala ya kushonwa kwa uzi. Mdomo wake hukunjwa angalau mara tatu, kisha ukafungwa kwa bizimu. Mfuko huu ni mwepesi, lakini hauzuii dawa kusagika.

Pili, sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko wa kubana na utepe wa mpira unaozunguka ukingo. Hili ni bora kwa chupa na sindano. Kagua mpira huo kila mara. Mchanga kidogo tu ukinasa hapo, maji yatapata njia.

Tatu, kwa asiye na uwezo wa kununua hivyo, ndoo imara ya plastiki yenye kifuniko cha kubana yaweza kutumika, mradi dawa zitiwe kwanza ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya kupe. Harufu na sumu ya vitu hivyo haitoki kwa kuosha.

Chagua rangi nyeupe au ya kung'aa. Garissa ni mahali pa joto kali, na chombo cheusi kikiachwa juani huchemka ndani kama sufuria. Kuzuia maji si kuzuia joto.

Jaribio la gazeti

Kabla ya kutia dawa, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Weka kurasa kavu za gazeti ndani ya chombo kitupu, zifike kila pembe. Kifunge kama utakavyokifunga safarini. Kimwagie maji juu na ubavuni kwa dakika kumi, kigeuze kichwa chini na umwage tena. Kipanguse kwa nje, kisha ukifungue. Ukurasa ukiwa na hata doa moja la maji, tafuta linakopenyea, au utafute chombo kingine.

Kumbuka pia kwamba chombo kisichoingiza maji hakiyatoi. Ukitia kitu chenye unyevu, unyevu utakaa humo pamoja na dawa. Kila jioni kifungue, kikaushe kwa kitambaa, na ukiache wazi kivulini.

Kufunga mzigo

Wafugaji wanaohama na ngamia wanajua kanuni hii tangu zamani: mzigo lazima ulingane pande zote mbili, ubane mwili wa mnyama, wala usicheze. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti; vyepesi vikae juu. Mzigo mrefu uliowekwa nyuma kabisa ya keria huinua gurudumu la mbele, na katika tope usukani hupoteza nguvu.

Mipira ya tyubu kuukuu inapatikana kila mahali, lakini hunyooka kila pikipiki irukapo shimo. Tumia mikanda miwili ya nailoni yenye bizimu, ipite juu ya chombo kwa mkato wa msalaba na kushikwa kwenye vyuma vya keria. Mpira wa tyubu uongezwe juu yake kama msaidizi. Weka kipande cha sifongo au mkeka chini ya sanduku ili chupa zisigongane.

Ncha za mikanda zifungwe zisining'inie. Mkanda ukishikwa na mnyororo au gurudumu, dereva ataanguka kabla hajajua kilichotokea. Chombo kisiguse ekzosi, na kisizibe taa ya nyuma. Baada ya kilomita tano za kwanza simama, uguse kila mkanda, ukaze tena.

Usiweke sanduku juu ya tangi la petroli, wala usimpe abiria alishike mikononi. Abiria anahitaji mikono yake. Sheria ya Trafiki ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, na yataka yeye na dereva wote wavae helmeti.

Chanjo na sampuli

Chanjo hubebwa katika kisanduku chake maalumu chenye pakiti za barafu, katika joto la kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Hapa adui si joto peke yake. Chanjo ya pepopunda na ile ya dawa tano kwa pamoja huharibika zikiganda. Kwa hiyo mhudumu huziacha pakiti za barafu nje ya friji mpaka akizitikisa asikie maji yakicheza ndani, ndipo azipange. Chupa zitiwe katika mfuko wa plastiki ili karatasi za majina zisilowe.

Safari ya kurudi ina mzigo wake. Mwaka 2013 polio ilipozuka Dadaab, katika kaunti hii hii, sampuli za choo zilihitajika kufika maabara kwa haraka, zikiwa baridi. Sampuli kama hiyo, au makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, hufungwa mara tatu: chupa isiyovuja, ndani ya chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kunyonya, ndani ya sanduku gumu la nje. Hapo chombo kinamkinga dereva na abiria wake na kilichomo ndani. Sampuli na dawa zisichanganywe katika sanduku moja.

Mwenye kisukari

Wagonjwa wa kisukari huuliza watafanyaje na insulini mahali pasipo na friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, na matokeo yao yalichapishwa 2021. Insulini iliyowekwa katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kwa wiki nne. Hiyo ni faraja, lakini si ruhusa ya kuiacha juani juu ya pikipiki. Ibebe katika chombo kikavu, chenye kivuli, wala isigusane na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa. Muulize mhudumu wako siku ambazo ile uliyopewa yaweza kukaa nje ya friji.

Ikilowa hata hivyo

Usianike tembe juani ukidhani zitarudia hali yake. Usitumie dawa iliyobadilika rangi, iliyovimba au iliyoshikana. Usiitupe lagani, kwa maana mifugo na watoto hunywa humo. Irudishe kituo cha afya, ueleze kilichotokea, upewe nyingine. Mhudumu mwema hatakulaumu kwa kusema ukweli.

Na laga ikiwa inatiririka, simama. Hakuna mfuko unaozuia maji utakaomsaidia dereva aliyechukuliwa na mkondo. Maji ya magotini yaendayo kasi yatosha kumwangusha mtu, na pikipiki hulala kabla yake. Maji ya laga yaweza kupungua baada ya saa chache. Dawa iliyofungwa vizuri itakuwa bado kavu utakapovuka.