Mpango wa Biashara kwa Klabu ya 4-K

Watoto wa 4-K wakija kwa kikundi chenu kuomba mkopo wa kufuga kuku wa nyama, msiwanyime. Lakini tunawashauri msitoe pesa kabla hawajaandika mpango. Karatasi moja inatosha, mradi ijibu maswali manne.

Kwanza, nani atanunua? Mnunuzi atafutwe kabla ya vifaranga.

Pili, gharama ni ngapi? Kuku mmoja hula karibu kilo 4 za chakula mpaka afikishe wiki 6. Basi kuku 50 watakula kilo 200, yaani mifuko 4 ya kilo 50. Waongeze bei ya vifaranga, chanjo, maranda, na makaa ya kuwapa joto.

Tatu, watauza bei gani? Wachache watakufa, kwa hivyo gharama yote igawanywe kwa kuku 45, sio 50. Wakiuza chini ya hapo ni hasara.

Nne, lini? Hapa ndipo wengi huanguka. Vifaranga wakiletwa katikati ya muhula, shule itafungwa kuku hawajauzwa. Nani atawalisha? Na kila siku ya kungoja, kuku anakula faida. Waletwe shule ikifunguliwa tu, wauzwe kabla haijafungwa.

Mwisho, mtoto mmoja ashike daftari na mwingine ashike pesa. Mali bila daftari huisha bila habari. Tukianza hivyo, pesa za kikundi zitarudi, na watoto wetu watakuwa wamejua biashara.