Mapambo ya Idi kwa karatasi na mkasi: mtindo upo Songo Mnara

Leo tuongee mambo ya mkasi.

Idi ikikaribia, angalia vitu vinavyopanda boti pale Kilwa Masoko kwenda visiwani. Maputo, maua ya plastiki, minyororo inayometameta, maandishi ya Idi Mubarak yaliyokatwa kiwandani huko mbali kabisa. Vimepita Kariakoo, vimepanda basi, kila aliyevishika kaongeza chake, mwisho wa safari unalipa wewe. Idi ikiisha vinachomwa au vinaishia baharini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, ndiyo maana siku hizi tunabeba vitu kwenye bahasha za kaki. Ila haya mapambo ya siku mbili yanapita tu kama hayatuhusu!

Ninachosema mimi ni hivi: pambo la sikukuu, bahasha ya mkono wa Idi, kadi ya zawadi, vyote vinatengenezeka hapa hapa kwa karatasi. Na mtindo wa kufanya pambo lako lisifanane na la kila mtu tunao nyumbani.

Kwanza tuelewane, maana hata watu wa Dar wanachanganya. Songo Songo ni kile kisiwa cha gesi. Songo Mnara ni kingine, kipo kusini ya Kilwa Kisiwani, na ndicho chenye magofu. Upande wake wa kaskazini kuna mabaki ya mji mzima wa mawe ya matumbawe: misikiti 5, jumba kubwa la kifalme na nyumba za kuishi kama 33 hivi. UNESCO waliuingiza pamoja na Kilwa Kisiwani kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ukatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kukarabati. Hayo wengi tumeyasoma shuleni. Ambacho hatufundishwi ni kwamba zile kuta ni kitabu cha mitindo.

Angalia milango. Tao lake halikuviringika kama nusu duara, lina ncha juu, na pande zote mbili zinalingana. Ukiwa na karatasi na mkasi hiyo ni kazi rahisi kuliko zote: kunja karatasi katikati, kata nusu ya tao upande wa mkunjo, kunjua. Mkunjo wenyewe unalinganisha pande, hata kama hujui kuchora. Ukutani kuna vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu. Halafu vyumba: ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti zina mwisho wa urefu wake. Unaingia kutoka uani, unapita mlango, unaona mlango mwingine, na mwingine. Hiyo milango inayofuatana ndiyo kadi nitakayoeleza.

Na karatasi kwetu si ngeni. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa mpaka leo kwenye nyaraka za Goa, India. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya karatasi ni ya wazungu, mwambie asubiri kidogo.

Tuje kwenye kazi. Wewe unayesoma hapo kwenye kafe dakika zinakatika, usilipie kuprinti. Vipimo viandike nyuma ya daftari.

Karatasi za kuanzia muombe huyo huyo mwenye kafe au mwenye duka la steshenari. Mashine ya fotokopi ikiharibu karatasi, upande mmoja unabaki mweupe, na mara nyingi zinatupwa. Ila zipitie kwanza. Kopi ya kitambulisho cha mtu au cheti cha mtu usiigeuze bahasha ikazunguka kijiji kizima. Karatasi ya kaki inafaa sana kwa mifuko ya zawadi, na hata hapa nchini inatengenezwa, kule kiwanda cha Mgololo, Mufindi. Manila ni ya kadi. Karatasi za krepu ni nzuri kwa maua, lakini zikilowa zinachuja rangi, na rangi ikishaingia kwenye ukuta wa chokaa basi tena.

Kuna jambo moja kubwa zaidi ya vipimo. Daftari za madrasa na karatasi yoyote yenye aya usiikate pambo. Hata gazeti la mwezi wa Ramadhani lipitie, maana linaweza kuwa na aya au jina la Mwenyezi Mungu, halafu wewe umelitengeneza ua linalokanyagwa barazani Idi mosi. Kwetu hilo litakuletea ugomvi na wazee, na watakuwa na haki.

Gundi usinunue. Chukua unga wa ngano kikombe 1, ukoroge kwa maji ya baridi kikombe 1 mpaka mabonge yaishe kabisa. Chemsha maji vikombe 3, umimine ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga, moto mdogo, mpaka uji ubadilike kutoka mweupe wa maziwa uwe kama unapitisha mwanga. Ipua, acha upoe. Unga wa muhogo nao unafaa, na mimi naupenda zaidi kwa sababu ukikauka hauonekani sana. Baadhi ya watu wanaweka chumvi ili gundi isioze. Pwani usifanye hivyo, chumvi inavuta unyevu na kadi yako itakuwa inatoka jasho kama mtu! Weka karafuu mbili tatu kwenye yale maji yakichemka. Mafundi wa kujalidi vitabu wa zamani walitia mafuta ya karafuu kwenye gundi yao kuzuia ukungu. Halafu paka kidogo. Kadi nyingi zinaharibika kwa gundi nyingi.

Sasa bahasha ya mkono wa Idi. Kata karatasi ya A4 katikati upate vipande viwili. Kila kipande kina upana wa sentimita 14.8, basi kata mraba wa 14.8 kwa 14.8. Uzungushe ukae kama almasi. Kona ya kushoto na ya kulia zikunje zikutane katikati. Kona ya chini ipandishe, lakini ipitilize katikati kwa sentimita 1, hapo ndipo gundi itashika. Kona ya juu iache, ndiyo mfuniko. Utapata bahasha ya kama sentimita 10 kila upande, noti ikikunjwa mara moja inaingia. Sarafu nayo inakaa, ila kwanza hakikisha chini pamekauka.

Usitupe kile kipande kilichobaki. Kina upana wa sentimita 6.2, kinatoa vipande vitatu vya sentimita 2. Hizo ni pete za mnyororo: gundisha ncha ya kwanza iwe pete, pitisha ya pili ndani yake, gundisha, endelea. Watoto wapewe kazi hiyo, wataimaliza wakati ninyi mnabishana mwezi umeandama au bado. Karatasi 100 za A4 zinatoa bahasha 200 na pete 600, ambazo zikiunganishwa ni kama mita 24 za mnyororo. Hiyo ni baraza yako na ya jirani.

Kadi ya milango ndiyo kazi yenyewe. Kata vipande vinne vya manila, kila kimoja sentimita 10 kwa 15. Kimoja kiache kizima, hicho ni ukuta wa nyuma, na kiwe na rangi: bluu ya bahari au njano. Vitatu vingine viwe vyeupe kama chokaa. Kila cheupe kikunje katikati kwa urefu. Kwenye mkunjo, acha sentimita 1 chini iwe kizingiti, kisha kata kuingia ndani sentimita 3.5, panda juu sentimita 8, halafu upinde ukirudi kwenye mkunjo kwa ncha. Cha pili ingia sentimita 2.5 tu, na tao liwe fupi kidogo. Cha tatu ingia 1.5. Ukivikunjua una milango mitatu, mkubwa, wa kati na mdogo. Sasa kata vijiti vya boksi gumu, lile la sabuni au la biskuti, vyembamba vya nusu sentimita, uvigundishe pembeni kati ya kipande na kipande ili viachane. Mlango mkubwa mbele, mdogo nyuma, na rangi mwisho kabisa. Ukiishika kwenye mwanga vivuli vinaangukia ndani, na unaona kabisa unachungulia ndani ya nyumba ya Songo Mnara. Bomba mbaya!

Manila moja ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 25 vya namna hiyo, yaani kadi 6 na kipande kimoja cha kujaribia mkasi.

Kwa nini kadi nyingine zinapinda zenyewe baada ya siku mbili? Karatasi ni nyuzinyuzi za mti, na kwenye mashine ya kiwandani nyingi zinalala upande mmoja. Zikinyonya unyevu zinatanuka kwa unene, si kwa urefu. Ukigundisha karatasi mbili ambazo nyuzi zake zimekatana, kila moja inavutia kwake. Basi kabla ya kukata, ipinde manila taratibu huku na huku bila kuikunja. Upande inaopinda kwa urahisi ndio nyuzi zinakolala sambamba na mkunjo. Vipande vyote vya kadi moja viwe na nyuzi zilizosimama wima. Kwa kisiwa ambacho hewa yake ni ya chumvi mwaka mzima, hili si la kupuuza.

Na msimu wenyewe unahama. Mwaka wa Hijria una siku kama 354, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 Idi el Fitri iliangukia Aprili 10, mwaka 2025 ikawa Machi 31, miezi ya mvua huku kwetu. Idi ya mvua, mapambo yakae ndani na yatundikwe asubuhi yenyewe. Idi ya kipupwe unaweza kupamba hadi uani. Kazi iliyokamilika itunze kwenye bati lenye mfuniko, maana mende wanapenda gundi ya unga kuliko wewe unavyopenda vitumbua.

Maulidi nayo ina vibendera vyake. Kunja karatasi nyembamba mara tatu nne, kata vitao na vitobo, kunjua, gundisha kwenye uzi. Watu wa Mexico wana sanaa hiyo hiyo, wanatundika barabara nzima siku ya kuwakumbuka marehemu wao. Kwa wenye Krismasi, tao linakuwa mlango wa pango na maisha yanaendelea. Ukitaka pambo la duara, kumbuka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambako mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye dari: kata duara, likunje mara tatu, kata kingo, ukikunjua lina pande nane.

Taa za karatasi zinapendeza ila jamani, ndani yake usiweke koroboi wala mshumaa. Weka taa ya betri au ya sola. Nyumba zetu nyingi ni za makuti, na makuti hayasubiri mtu atoke.

Mwisho kuna suala la mshiko, maana najua wengi tumemaliza kidato cha nne na tupo tupo tu. Kadi yenye maua mekundu mgeni anaipata popote duniani. Kadi ya mlango aliopita mwenyewe saa moja iliyopita haipati pengine. Iandike nyuma kwa mkono: Songo Mnara, Kilwa, na mwaka. Bei usipige ya manila peke yake kama tunavyozoea, hesabu na muda wako. Tengeneza kadi 6, angalia saa, ndipo useme bei. Na unapokwenda kuchora mitindo chukua penseli na daftari tu. Usibandue lipu, usiokote kipande cha bakuli wala shanga, hata kiwe kidogo namna gani. Kikiondoka pale hata wachimbuaji hawawezi tena kusema kilikuwa cha nyumba ipi.

Anza Shaabani, usisubiri kumi la mwisho. Karatasi 10 zinakupa bahasha 20 na pete 60, zinatosha kuona kama mkono wako unakubali. Gundi ikikugomea, andika hapo chini, na useme ulitumia unga gani.