Sanduku la Bahati: Ni Biashara au ni Kamari?

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha kando ya baraza akaniuliza swali ambalo hadi leo halijanitoka kichwani. Mama huyu huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, na pesa zake za mchezo, zile wanazopokezana kina mama, huziweka katika simu. Mwanawe wa miaka 14 alizitoa kidogo kidogo, leo shilingi 100, kesho 250, mpaka zikafika 4,300, akinunua visanduku ndani ya gemu. Mama hakuniuliza ampige au asimpige. Hilo alikuwa amekwisha kulipitisha. Aliniuliza: "Maalim, hebu nambie, huyu kijana kaninunulia upuzi na pesa zangu, ama kacheza kamari? Maana kama ni upuzi nitamsamehe yaishe. Kama ni kamari, nataka atubie."

Swali hili, ndugu msomaji, si la mtaa wetu peke yake. Mabunge na mahakama za Ulaya na Asia zimelihangaikia kwa zaidi ya miaka kumi, na zimeachana njia.

Kwa wenzangu ambao simu kwao ni ya kupiga na kupokea tu, nieleze kwanza kitu chenyewe. Mtoto anacheza gemu, na ndani ya gemu mna duka. Dukani mna sanduku lililofungwa. Ukilipa, linafunguka mbele ya macho yako kwa ngoma na taa, na ndani yake hutoka kitu: pengine vazi la askari wako, pengine silaha yenye rangi, pengine mchezaji hodari wa kandanda. Utakachopata hukijui mpaka umekwisha kulipa. Aghalabu hutoka kitu hafifu ambacho tayari unacho, na kile unachokitamani hutoka kwa nadra. Jina lake la Kiingereza lina maana ya sanduku la ngawira. Ngawira, kama tujuavyo, ni mali itekwayo vitani, na sijui kama waliolipa jina hilo walijiuliza ni nani hapa anayetekwa.

Nadra hiyo ina hesabu yake. Serikali ya China iliamuru kwamba kuanzia Mei 2017 wauzaji watangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo sandukuni, na kwa sababu hiyo tukajua habari za mchezo wa Counter-Strike wa kampuni ya Valve. Sanduku lake mtu huweza kulipata kwa kucheza tu, lakini limefungwa, na ufunguo wake ni kama dola mbili na nusu za Kimarekani. Kwa hesabu zilizotangazwa mwaka huo, katika masanduku 10,000, kiasi cha 7,992 hutoa vitu vya daraja ya chini. Yanayotoa kisu, ama kitu kingine cha adimu kama hicho, ni 26. Yaani kwa wastani utanunua funguo 385, zaidi ya dola 900, ndipo upate kisu kimoja, na kisu chenyewe hakikati hata kitunguu. Na wakati wa kufungua, picha za vitu hupita mbele yako kama gurudumu linalozunguka, zikipunguza mwendo, na kisu hukipita hivi, karibu, karibu kabisa, halafu gurudumu likasimama mahali pengine.

Wajapani ndio walioanza kukunja uso. Mwaka 2012 idara yao ya kulinda wanunuzi iliharamisha aina moja ya michezo hii, ile iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya kubahatisha ndipo apewe zawadi kubwa. Ulaya ilizinduka baada ya kelele za mwishoni mwa 2017 juu ya mchezo mmoja wa Star Wars. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikasema bila kumung'unya maneno kwamba masanduku ya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike ni kamari isiyo na leseni, na kwamba muuzaji aweza kutozwa faini ya hadi Euro 800,000 na kufungwa hadi miaka mitano, na adhabu kuzidishwa maradufu iwapo walioingizwa ni watoto. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya Electronic Arts ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi zake za FIFA.

Jirani yao Uholanzi alianza na ukali huohuo, akaishia kwingine. Mamlaka ya kamari ya huko iliitoza Electronic Arts faini ya Euro milioni 10, iliyotangazwa mwaka 2020. Kampuni ikakata rufani, na tarehe 9 Machi 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta faini. Hoja yake: pakiti zile si mchezo unaosimama peke yake, bali ni sehemu ya mchezo wa kandanda ambao ni wa ustadi.

Na Waingereza? Wao wana kipimo chao. Zawadi ya kamari, kwa sheria yao, ni lazima iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa. Ikiwa mchezo hauruhusu zawadi kuuzwa, basi hapana kamari hapo. Kamati ya Bunge lao ilipendekeza mwaka 2019 kwamba jambo hili litiwe chini ya sheria ya kamari, lakini Julai 2022 serikali ikajibu kwamba haitaibadilisha sheria. Kampuni zijirekebishe zenyewe. Kabla ya hapo, mbele ya kamati hiyohiyo, afisa wa Electronic Arts alikuwa amekwisha kusema kwamba wao hawayaiti masanduku ya ngawira. Ni ufundi wa kushtukiza, akayafananisha na yale mayai ya chokoleti yenye kidude ndani.

Kipimo hiki cha Waingereza ndicho kilichonikalisha macho usiku, kwa sababu kwa juu juu kina mantiki. Kijana wa mama wa mahamri hakutarajia kupata hata senti. Alitaka vazi jekundu la askari wake, na hawezi kuliuza. Asiyetarajia pesa atakuwaje mcheza kamari?

Jawabu nililipata mahali ambapo sikuhitaji kwenda mbali, katika maisiri yenyewe. Neno kamari, ambalo ndilo wafasiri wetu wa Qur'ani walilolitumia, limezoeleka mno masikioni mwetu hata tumesahau kuuliza yale maisiri ya Jahiliya yalichezwa vipi. Wafasiri wa zamani, na Zamakhshari ni mmoja wao, wameyaeleza kinaganaga. Waarabu walikuwa wakimchinja ngamia na kumgawa mafungu. Kisha huja mfuko wenye mishale kumi. Saba ina mafungu: wa kwanza, al-fadh, una fungu moja, wa pili, at-taw'am, mawili, hivyo hivyo mpaka wa saba, al-mu'alla, wenye mafungu saba. Mitatu iliyosalia haina kitu. Mtu aliyeaminiwa huutikisa mfuko na kutoa mshale mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Aliyetokewa na mshale wenye mafungu huyachukua. Aliyetokewa na mshale mtupu hapati kitu, na tena yeye ndiye alipaye bei ya ngamia.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo penye ufunguo. Aliyeshinda hakuila nyama ile. Aliwapa maskini, tena aghalabu katika siku za baridi na njaa. Wala hakuiuza. Alichobaki nacho mkononi ni sifa: kuonekana mkarimu, kutajwa na washairi, na kumcheka yule asiyeingia mchezoni, ambaye walimpa jina la kumdharau. Hebu mtazame kijana wetu na vazi lake jekundu. Haliuzi, haliwi chakula, halimfuniki na baridi. Anachokipata ni kuonekana na wenziwe na kumcheka asiye nalo.

Kwa kipimo cha Waingereza, basi, maisiri ya Jahiliya hayakuwa kamari! Mshindi hakutoka na mali yoyote. Tena yalikuwa na heri ndani yake kuliko sanduku la simu, kwa kuwa maskini alishiba. Na Qur'ani haikukanusha kuwa yana manufaa. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, manufaa yametajwa, ila dhambi yake imetajwa kuwa ni kubwa zaidi. Halafu ikaja Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ikayakataza kabisa na kutaja sababu: uadui, chuki, kuzuiliwa kumkumbuka Mungu na sala. Katika sababu hizo, kuuzika kwa zawadi hakumo.

Ziko hoja mbili za upande wa pili ambazo ni haki kuzisikiliza. Ya kwanza, kwamba mnunuzi hapotezi, kwani daima hutoka na kitu. Kwa hili wanazuoni wana mlango mwingine, mlango wa biashara yenye gharari. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza uuzaji wa kijiwe na uuzaji wenye gharari. Uuzaji wa kijiwe, katika maelezo mamoja ya wanazuoni, ni kumwambia mtu: tupa kijiwe, nguo kitakayoiangukia ni yako kwa bei hii. Mnunuzi pale pia hakutoka mikono mitupu. Alipata nguo, mbovu au nzuri. Bado biashara ilikatazwa. Na yai la chokoleti? Anunuaye yai anajua ananunua chokoleti, ataila, na kidude ni ziada. Sanduku hili halina chokoleti.

Hoja ya pili ni kwamba kamari inataka watu wawili, mmoja apate na mwingine akose, ilhali kampuni haikosi abadani. Ni kweli haikosi. Lakini hata muuza tikiti za bahati nasibu hakosi, na sijamsikia shekhe yeyote aliyeihalalisha bahati nasibu kwa ajili hiyo.

Mimi si mufti, ni mtu wa kalamu niliyepata kukaa chuoni, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Lakini mama wa mahamri nilimjibu hivi: gemu lenyewe si kamari. Lau mwanao angelinunua vazi lile kwa bei inayojulikana, akalipata palepale, huo ungekuwa upuzi, na pengine israfu, wala si zaidi. Sanduku alilolipata bure kwa kucheza, bila ya kulipa kitu, nalo nisingelitia hukumuni. Ila pale alipotoa pesa na kuukabidhi mkono wake kwa bahati, ameingia katika maisiri, hata kama hakujua. Akaniuliza: "Na kutojua kwake?" Nikamwambia kutojua ndiko kunakotufanya tumfundishe kabla ya kumlaumu. Tabiin kama Mujahid na Tawusi waliwahi kusema kuwa kila kilicho na kamari ndani yake ni maisiri, hata mchezo wa watoto wa kushindania jozi. Sisi wa Pwani tulicheza korosho, na nakumbuka bakora ya maalim wetu alipotukuta tunalana korosho nyuma ya msikiti. Wakati ule nilimwona mkali kupita kiasi. Korosho tatu!

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa dunia na maalim wangu wangekubaliana. Mwaka 2018 Zendle na Cairns, watafiti wa Uingereza, walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji zaidi ya 7,000. Waliona kwamba kadiri mtu alivyokuwa na ugonjwa wa kamari, ndivyo alivyotumia pesa nyingi zaidi kwa masanduku haya. Kama sanduku linamvuta mlevi wa kamari au ndilo linalomzalisha, hilo halikuamuliwa na uchunguzi huo, wala mzazi hahitaji kungoja liamuliwe.

Hapa Kenya sheria mpya ya kamari ya mwaka 2025 imechukua pahala pa ile ya 1966, na inamfungia mlango aliye chini ya miaka 18. Lakini mlango huo hulindwa pale tu kitu kinapohesabiwa kuwa kamari. Wengine wameamua kutoingia katika mzozo wa jina. Australia, tangu Septemba 2024, kila gemu jipya lenye masanduku ya kulipia hubandikwa alama kwamba halifai kwa walio chini ya miaka 15. Marekani, Januari 2025, waliotengeneza Genshin Impact walikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku walio chini ya miaka 16 bila ya idhini ya mzazi. Mojawapo ya malalamiko ya serikali ilikuwa kwamba pesa za kweli hugeuzwa sarafu za mchezo, sarafu zikageuzwa sarafu nyingine, hata mtoto asijue ametumia ngapi.

Mwenye kudhani kwamba kutangaza hesabu kunatosha, namwelekeza Korea ya Kusini. Januari 2024 kampuni ya Nexon ilitozwa faini ya won bilioni 11.6 kwa ajili ya mchezo wa MapleStory. Kwa miaka mingi iliwauzia watu vitu vya kubahatisha, ikapunguza kwa siri uwezekano wa kupata vile vinavyotakwa zaidi, na baadhi ya michanganyiko ikaifanya sifuri kabisa. Watu waliendelea kulipa wakikingojea kitu ambacho hakikuwamo. Waarabu wa Jahiliya, pamoja na ujahili wao wote, mishale yao saba ilikuwamo mfukoni.