Kuhesabu Kisichoonekana: Somo la Mionzi ya Nyota

Mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa mara nyingi kufundisha juu ya vitu asivyoweza kuvionyesha. Hatari yake ni kuwapa watoto majina ya kukariri badala ya ujuzi. Makala haya yanaeleza kazi ya Riccardo Giacconi, mtaalamu wa elimu ya nyota, kisha yanapendekeza namna ya kuifundisha katika darasa lisilo na maabara, tukichukua mfano wa Ngana, wilayani Kyela.

Giacconi alizaliwa Genoa, Italia, mwaka 1931, akahamia Marekani akiwa kijana msomi. Swali lake lilikuwa hili: je, nyota hutoa eksirei, mionzi ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa? Kulijibu kutoka ardhini hakuwezekani, kwa sababu hewa inayoizunguka dunia huimeza mionzi hiyo kabla haijatufikia. Ilibidi chombo kipandishwe juu ya hewa. Baada ya majaribio ya awali kushindwa, roketi ya Juni 1962 ilikaa juu kwa dakika chache tu. Wataalamu walikuwa wakitafuta eksirei za mwezi. Wakakuta chanzo chenye nguvu upande wa kundi la nyota la Nge, ambalo watoto wa Ngana huliona vizuri katika usiku wa kiangazi.

Dakika chache hazikutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya uchunguzi huo tu ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata mwendo. Siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kitambuzi chake kilikuwa sanduku la gesi lenye dirisha jembamba na nyaya zenye umeme wa nguvu. Eksirei ikiingia huipiga atomi ya gesi na kuing’oa elektroni. Hiyo hukimbilia waya, ikizing’oa nyingine njiani, mpaka umeme mdogo unasikika katika chombo. Kila pigo ni hesabu moja, na ukubwa wa pigo huonyesha nguvu ya mwonzi. Ni sawa na mtu aliye ndani ya nyumba ya mabati: haioni mvua ya Kyela, lakini kwa mlio wake hutambua manyunyu na matone mazito.

Kwa njia hiyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 kabla ya kunyamaza mwaka 1973. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipiga kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2 hivi kikatoweka kwa muda. Wataalamu walifahamu kwamba ni nyota ndogo, nzito mno, inayozungukana na nyota kubwa na kufichwa nayo. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akafariki mwaka 2018.

Darasani, mwalimu atundike mkeka. Nyuma yake mwanafunzi mmoja adondoshe changarawe juu ya debe kila akihesabu tano kimoyomoyo. Mwingine alifunike debe kwa gunia nene kwa vipindi vilivyo sawa. Waliobaki wasikilize na kuandika idadi ya milio katika kila nusu dakika, kisha wachore jedwali. Mwalimu asiwaambie kilichopo nyuma ya mkeka. Awaulize: Kinachodondosha ni kimoja au vingi? Kwa nini mlio hukatika, kisha hurudi? Umejuaje?

Swali la mwisho ndilo kiini cha somo. Mtoto atakayejibu, “Nimejua kwa sababu nimehesabu,” amefuata njia ile ile iliyoitambua Centaurus X-3. Atakayejibu, “Kwa sababu mwalimu amesema,” bado hajafundishwa sayansi, hata kama anayakumbuka majina yote. Jina la Uhuru na ramani ya Malindi vifuate baada ya zoezi, si kabla yake.