Injini Haisahau Gari Lake la Kwanza

Jaza sufuria maji nusu, iweke sakafuni mwa gari, kisha kata kona kwa kasi. Maji yatapanda ukuta wa upande wa nje. Sasa ifunge sufuria ileile kwenye tangi la pikipiki, uikate kona ileile: maji yatatulia kana kwamba barabara imenyooka. Pikipiki hulala kwenye kona, na ikilala, uzito na nguvu ya kona kwa pamoja huelekea kwenye kitako cha sufuria. Gari halilali. Tofauti hiyo imeua injini nyingi nzuri za pikipiki zilizohamishiwa kwenye magari ya spoti yanayoundwa nyumbani.

Mchezo huu wa kujiundia gari ulikomaa Uingereza. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ilitoa Seven, gari jepesi la viti viwili lenye fremu ya mabomba. Aliyekuwa na spana na subira aliweza kuuziwa vipande, akaviunganisha mwenyewe na kuepuka kodi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, akachapisha kitabu kilichoahidi gari la sura hiyo kwa pauni 250. Bei hiyo iliwezekana kwa sababu ya Ford Escort kuukuu: bodi imeliwa na kutu, lakini injini, giaboksi, propela na ekseli ya nyuma bado vinafanya kazi. Waliofuata Safari Rally zamani wanaijua Escort. Ndiyo iliyowapa Hannu Mikkola na Gunnar Palm ushindi mwaka 1972, wakawa wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda mashindano hayo.

Escort haikupendwa kwa nguvu. Ilipendwa kwa sababu injini yake hukaa kwa urefu wa gari na kusukuma magurudumu ya nyuma, kama Seven inavyotaka. Injini yake ya Kent ya sentimita za ujazo 1,599 ilikuwa pia fupi kwa kimo, kwa kuwa kemshafti yake imo ndani ya bloki, haiko juu ya hedi. Waliotaka makubwa walichukua injini ya Pinto ya lita mbili, wakagundua siku ya kufunga boneti kwamba haifungi. Kemshafti ya Pinto iko juu, na injini nzima ni ndefu. Kilichobaki ni kutoboa boneti au kukata sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Nguvu yenyewe si shida kubwa kama vijana wanavyodhani. Gari la kilo 550 lenye nguvu za farasi 85 linabeba kilo sita na nusu kwa kila farasi. Gari la kilo 1,300 likitaka uwiano huohuo linahitaji farasi 200. Ndiyo maana injini ya kawaida kabisa, ambayo katika gari la familia ingekusinziza, hapa inakurusha mgongo kwenye kiti.

Taabu huanza na injini za magari madogo ya leo, ambazo nyingi hulazwa kwa upana na kusukuma magurudumu ya mbele. Izungushe robo duara uitie kwenye fremu ya Seven: mdomo wa maji uliokuwa pembeni sasa unagonga ukuta wa mbele ya dereva, tumbo la sampu linakalia usukani, na giaboksi yake haina pa kufungia propela. Itabidi utafute giaboksi nyingine na bamba la kuiunganisha na bloki. Bamba hilo likiwa nje ya mstari hata kwa sehemu ndogo ya milimita, klachi na beringi za giaboksi hazitadumu. Toyota 4A-GE ya sentimita za ujazo 1,587 inapendwa kwa sababu kiwanda chenyewe kilishafanya kazi hiyo: injini za familia hiyo zilifungwa kwa upana kwenye Corolla za kusukuma mbele, na kwa urefu, pamoja na giaboksi ya T50, kwenye AE86 ya mwaka 1983. Altezza zinazopita Nairobi na Dar es Salaam zina bahati kama hiyo. Injini ya 3S-GE ya Altezza imekaa kwa urefu tangu kiwandani, na Waingereza wamekuwa wakiitia kwenye Escort zao za zamani.

Mimi ningechukua Mazda MX-5 iliyogongwa nyuma, na ningeichukua nzima. Mwenye kununua injini peke yake hununua pia mwezi wa kutafuta waya, kontrol boksi, ufunguo na pedali ya mafuta, maana injini ya kisasa isiyouona ufunguo wake haiwaki.

Turudi kwenye sufuria ya maji: kwenye injini, sufuria hiyo ni sampu, na maji ni oili. Krenkshafti inayozunguka haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaoletwa na pampu. Katika kona kali ambayo nguvu ya pembeni inalingana na uzito wa gari, uso wa oili ndani ya sampu huinama nyuzi 45. Bomba la kunyonya likibaki juu ya uso huo, pampu inavuta hewa, utando unakatika, chuma kinakutana na chuma, na injini inanoki. Dawa ni kuta ndani ya sampu zenye vilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia katikati bila kutoka, au kuhifadhi oili nje kwenye tangi na kuivuta kwa pampu za ziada. Anayekata sampu kwa ajili ya kimo huipanua pembeni kama mabawa, ili irudishe ujazo iliopoteza.

Baada ya kupima yote hayo, fundi mzoefu haingizi bado injini aliyoinunua. Anatafuta nyingine ya aina hiyo iliyonoki: bloki tupu, hedi iliyopasuka, mradi sura ni ileile. Hiyo ndiyo inayoning'inizwa ndani ya fremu wiki nzima, ikipigwa cheche za kuchomelea, ikigongwa nyundo, ikishushwa na kupandishwa mpaka mikono ya kuishikilia ipate mahali pake. Ile nzima inasubiri chini ya meza, imefunikwa turubai.