Mchezo wa 1985 kuhusu Ukimwi bado unakuhusu wewe

Hebu waza hivi. Umetoka thieta usiku, macho yamekuvimba kwa kulia. Hapo nje mlangoni mzee fulani anakupa karatasi. Unaipokea ukidhani ni tangazo la biashara. Kumbe ni barua, na mzee mwenyewe ndiye aliyeandika mchezo uliotoka kuutazama.

Hayo yalitokea New York mwaka wa 2011. Mzee ni Larry Kramer, na mchezo ni The Normal Heart, ulioigizwa mara ya kwanza 1985. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: watu mliowaona jukwaani waliishi kweli, na janga hili halijaisha.

Labda unajiuliza, stori ya kitambo hivyo inarudishwa ya nini na dawa zipo?

Sikiza. Ni 1981. Vijana wa kiume, mashoga, wanaugua na kufa mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayejua chanzo. Ned Weeks, mwandishi, anapiga kelele. Meya kimya. Magazeti kimya. Hata wenzake katika chama alichosaidia kuunda wanamwona mkorofi na kumtimua. Kisha Felix, mpenzi wake, anaanza kuugua. Ned ni Kramer mwenyewe, aliyeasisi chama kama hicho na wenzake mwaka wa 1982.

Waliorudisha mchezo huo 2011 walimulika majina ya waliofariki ukutani, yakizidi kuongezeka hadi mwisho. Ulishinda tuzo ya Tony ya mchezo bora uliorudishwa jukwaani. Kramer alifariki 2020, na mwaka uliofuata ukaigizwa tena, safari hii London, watazamaji wakiwa wametoka tu kuonja hofu ya korona.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza alitambuliwa 1984. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa 1999. Piga hesabu: miaka 15. Katika muda huo matanga yalijaa vijijini, na watu walinong'ona tu: ni nimonia, ni chira, amerogwa.

Wewe umekua ARV zikipatikana bure katika hospitali za umma. Unaweza kupima, unaweza kumeza PrEP. Ni jambo zuri, lakini ndiyo maana ni rahisi kudhani vita viliisha. Kramer hakuandika kuhusu dawa, kwani wakati huo hazikuwepo. Aliandika kuhusu kimya, na kimya hakina tembe.

Kwa hivyo ukienda nyumbani, toa ile albamu ya zamani. Kuna mjomba au shangazi kwenye picha ambaye hakuna anayemtaja. Uliza alikufa kwa nini. Kisha kesho nenda ukapimwe, bro. Nawe pia, siste.