Kusoma Leuven, Ubelgiji: mambo ambayo mwanafunzi wa Goma anakutana nayo

Kila mwaka vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia wanatafuta nafasi ya kusoma Ulaya. Wengi wanatazama Ubelgiji, juu ya Kifaransa na juu ya historia yetu na nchi ile. Mimi nilipata bourse ya kusoma mambo ya maji katika mji wa Leuven, miaka miwili. Watu wa nyumbani walipouliza kule kuko namna gani, nilikuwa najibu kwa simu: "Baridi tu." Hilo si jibu. Basi hapa naeleza sawasawa, ili wanaojitayarisha wajue wanaingia ndani ya nini, na wazazi nao wajue mtoto anaishi namna gani.

Leuven ni mji gani?

Ni mji mdogo, karibu na Bruxelles upande wa mashariki. Treni inachukua kama nusu saa. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425 kwa barua ya Papa Martin wa Tano. Maana yake, chuo hiki kimepita miaka 600. Nyumba ya mji, ile ya zamani, ilijengwa katika miaka ya 1400, na ukutani mwake kuna sanamu 236. Kuna pia mtaa wa zamani unaoitwa Groot Begijnhof, nyumba za matofali mekundu na njia za mawe, ambamo waliishi wanawake wa dini. Chuo kiliununua mwaka 1962, kikautengeneza, na leo wanafunzi na walimu wageni wanalala humo.

Mji wenyewe ni wanafunzi. Wakati wa likizo unakuta njia ziko tupu. Na kila mtu anatembea kwa kinga, yaani baiskeli: profesa, mama mwenye watoto wawili nyuma, hata wazee. Kwetu Goma kinga ni ya kazi na chukudu ni ya mizigo. Mwenye diploma anataka motokari. Kule profesa wangu alikuwa anafika darasani akiwa amelowa mvua, kofia ya baiskeli mkononi, na hakuna aliyecheka.

Uhusiano na Kongo uko wapi?

Jina la Leuven kwa Kilatini ni Lovanium. Wazee watakumbuka jina hilo. Mwaka 1954, chuo cha Leuven ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Lovanium pale Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya nchi katika UNAZA, na mwaka 1981 UNAZA ikagawanywa: tukapata UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Kwa hiyo hata zile "distinction" na "grande distinction" tunazozijua huku zimetoka kule. Thomas Kanza, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kupata diploma ya chuo kikuu, alisoma Leuven miaka ya 1950.

Mbona wanasema Kiflama?

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunafikiri Ubelgiji yote ni Kifaransa. Leuven iko upande wa Waflama, na lugha yao ni Kiholanzi. Zamani chuo kilifundisha kwa lugha zote mbili. Wanafunzi Waflama wakadai Kifaransa kitoke katika mji wao, magomvi yakapanda, na Februari 1968 serikali ya Ubelgiji ikaanguka juu ya jambo hilo. Chuo kikagawanyika viwili. Upande wa Kifaransa ulihamia katika mji mpya uliojengwa shambani, Louvain-la-Neuve. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa.

Kwa hiyo kijana wa kwetu aangalie vizuri kabla ya kujaza karatasi: Louvain-la-Neuve unasoma Kifaransa, Leuven unasoma Kiholanzi, ao Kiingereza kwa masomo mengi ya masters. Mimi nilisoma kwa Kiingereza, na miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naandika neno kwa neno bila kuelewa. Dukani nilipoanza kwa Kifaransa, wengine walinijibu kwa Kiingereza, ingawa Kifaransa wanakijua. Nilijua kusema "goeiemorgen" na "dank u", na nyuso zikafunguka. Ni kama mgeni anayefika Butembo akasalimia kwa Kinande.

Nyumba: msitume franga kwa mtu msiyemjua

Chumba cha mwanafunzi kinaitwa "kot". Ni vya kutafuta mapema, maana Septemba vinaisha. Mimi niliona tangazo kwenye intaneti, picha nzuri, bei nzuri, mtu anaandika kwa upole. Nikatuma dhamana ya miezi miwili, franga ambazo mama alikopa kwa wenzake wa likelemba. Nilipofika na sanduku langu, anwani ile ilikuwa duka la viatu.

Hasara haikuwa franga peke yake. Bila anwani huwezi kujiandikisha kwenye komine. Ukishajiandikisha, polisi anapita kuhakikisha kweli unalala pale. Ndipo unapewa kadi ya kuishi, na bila kadi ile hata benki inakusumbua. Nililala wiki tatu kwenye godoro la Mkongomani mwenzetu, baba wa watoto wanne, asiyenijua kabisa. Baadaye nikaambiwa chuo chenyewe kina ofisi ya nyumba, inayosaidia wanafunzi bila malipo. Ningeandika barua moja tu kabla ya kuondoka, ningejua.

Masomo na mitihani

Pointi zinahesabiwa kwa 20, na 10 ndiyo ya kupita. Mwalimu unaweza kumuuliza swali, hata kumwambia hukubaliani naye, na yeye hakasiriki. Lakini hakuna anayekufuata. Ukikosa darasa, shauri yako. Kabla ya mitihani ya Januari na Juni kuna majuma ya kusoma yanayoitwa "blok". Mji unanyamaza, maktaba inajaa toka asubuhi. Anayeanguka anarudia Agosti ao Septemba.

Baridi nayo ni kweli. Lakini giza ndilo linaumiza zaidi. Mwanzo wa Januari jua linatoka karibu saa tatu ya asubuhi, na saa kumi na moja ya jioni limeshazama. Sisi tumezoea saa kumi na mbili na saa kumi na mbili, mwaka mzima.

Franga za bourse

Wazazi, hapa naomba mnisikilize. Bourse inapimwa kwa tumbo moja. Kot, chakula, bima ya matibabu, vitabu, na mwezi umeisha. Sheria inaruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi mpaka masaa 20 kwa juma wakati wa masomo, akiwa na kadi yake. Nilifanya, nikaosha vyombo jioni, nikatuma kitu nyumbani. Lakini ujumbe haukuisha: ada ya kadogo, ugonjwa wa shangazi, paa la noko. Mtoto akisema hana, musidhani amewasahau. Siku za hamu tulichangishana tiketi mpaka Matonge ya Bruxelles, kununua sombe na unga wa bugali.

Vita vikikukuta mbali

Tarehe 27 Januari 2025 nilikuwa na mtihani. Siku hizo ndizo vita viliingia Goma. Umeme ulikatika, intaneti nayo ikakatika. Mama na wadogo zangu niliwapata mara ya mwisho siku ya tatu kabla, wako chini ya kitanda. Niliingia kwenye mtihani na simu mfukoni, imezimwa. Nilipata 7.

Njiani kurudi nilipita mbele ya maktaba kubwa ya chuo. Agosti 1914 wanajeshi Wajerumani walichoma maktaba ya zamani ya mji huu, vitabu laki na laki. Wamarekani wakachanga kujenga hii mpya. Majina ya mashule yao yamechongwa kwenye mawe. Mwaka 1940 ikaungua tena, ikajengwa tena. Nilikuwa nimeyasoma hayo kama hadithi. Siku ile niliyaelewa.

Mama alipopatikana siku ya tano, aliuliza kwanza: "Umekula?"

Kosa langu ni hili: sikumwambia mtu. Katika kila kitivo kuna mtu anayeitwa "ombuds". Mwanafunzi akipatwa na msiba, ugonjwa ao jambo kama lile, anamwona kabla ya mtihani, na siku inaweza kusogezwa. Mimi niliona aibu kupeleka matatizo ya Kongo mbele ya watu. Ikabidi nirudie Agosti, na ningeanguka tena bourse ingekuwa mashakani. Nilipata 13. Mwenzangu wa Bukavu alienda kwa ombuds Februari, vita vilipofika kwao, na mtihani wake wa marudio ulipangwa upya bila kelele.

Kwa anayejitayarisha

Anza mwaka mzima mbele. Karatasi za masomo zinahitaji mihuri ya Kinshasa, na viza pia inaombwa Kinshasa; safari hiyo toka mashariki ni ghali, tena uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Fanya kopi ya kila diploma na kila karatasi ya pointi, uziweke kwenye simu na kwa barua pepe, juu nyumba inaweza kuporwa. Jifunze Kiingereza kabla. Ukifika, uliza. Kule kuuliza hakukupunguzii heshima, na kunyamaza kunakula mwaka.